Buruji Kumi na Mbili: Asili Yake na Mpango Wake



Mtu akitoka mjini Kolwezi usiku, akaenda kando ya ziwa la Nzilo, mbali na taa za migodi, ataona jambo ambalo wakazi wa mjini wamekwisha kulisahau, yaani mbingu iliyojaa nyota. Katika mwezi wa Juni au wa Julai, mnamo saa nne ya usiku, ataona karibu na utosi wake kundi la nyota lenye umbo la mdudu mwenye mkia uliopinda. Huyo ndiye Nge. Watu wa Babeli walimwona huyo huyo, nao wakamwita kwa jina hilo hilo, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita.

Nge ni mmoja wa alama kumi na mbili ziitwazo buruji. Siku hizi alama hizo zatajwa magazetini, redioni na katika simu za mkononi. Kijana humwuliza msichana, "Nyota yako ni ipi?" kabla hajamwuliza habari za ukoo wake. Mchimbaji hutaka kujua kama juma hili ni la bahati kabla ya kushuka shimoni. Wako hata watu wanaovunja uchumba kwa sababu wameambiwa kwamba nyota za wale wawili hazipatani. Kwa hiyo katekista hatakosa kuulizwa: Nyota hizi zimetoka wapi? Nani aliyezipanga? Na je, yafaa kuzifuata?

Mtu hawezi kujibu swali la tatu vema asipojua kwanza majibu ya maswali mawili ya mwanzo. Basi, tujifunze kwa utaratibu.

I. NJIA YA JUA

Sisi tukiwa duniani, jua laonekana likitembea polepole kati ya nyota, hata likamaliza duara nzima katika mwaka mmoja. Mchana nyota hazionekani, lakini mtu akitazama kila siku nyota zinazochomoza kabla ya mapambazuko, au zile zinazotua baada ya magharibi, atatambua kwamba jua limehama. Njia hiyo ni moja tu, haibadiliki mwaka hata mwaka. Mwezi na sayari hufuata karibu njia iyo hiyo.

Buruji ni sehemu kumi na mbili za njia hiyo. Kwa nini kumi na mbili? Kwa sababu katika mwaka mmoja mwezi huandama mara kumi na mbili, na siku chache kubaki. Hesabu hiyo ilitoka katika miezi ya mwaka. Haikutoka katika nyota zenyewe, maana mbinguni hakuna ukuta wala mpaka kati ya kundi moja na jingine.

II. KAZI YA WABABELI

Katika nchi ya kati ya mito Tigri na Efrati, ambayo leo ni Iraki, makuhani na waandishi walichunguza mbingu kwa karne nyingi, wakaandika juu ya vibao vya udongo. Kitabu chao kimoja mashuhuri huitwa MUL.APIN. Nakala za zamani zilizopatikana ni za karne ya 7 kabla ya Kristu, lakini habari zilizomo ni za kale zaidi. Humo wametaja makundi ya nyota yaliyo katika njia ya mwezi, nayo yanapita kumi na mbili, maana yapata kumi na saba.

Tena orodha hiyo haianzi na Kondoo, kama ilivyo desturi ya leo. Yaanza na zile nyota ndogo zilizosongamana ambazo sisi twaziita Kilimia. Jina letu latokana na kulima, na Wababeli nao waliitumia Kilimia kwa kupima miezi yao. Basi alama hizo zilianza kama kalenda ya watu waliohitaji kujua siku za kupanda na siku za kuvuna.

Mnamo mwisho wa karne ya 5 kabla ya Kristu, Wababeli waliurahisisha mpango huo. Walichukua mwaka wa hesabu wenye miezi 12 ya siku 30, yaani siku 360, wakaigawanya njia ya jua vivyo hivyo: sehemu 12 zilizo sawa, kila moja yenye nyuzi 30. Wakati huo huo ndipo waganga wa nyota walipoanza kuandika mahali pa jua, mwezi na sayari siku ya kuzaliwa mtoto. Vibao vya kwanza vya namna hiyo tulivyo navyo ni vya mwaka 410 kabla ya Kristu. Yaangalie vema mambo haya: makundi ya nyota si sawa kwa ukubwa, lakini sehemu za hesabu ni sawa. Tangu siku hiyo alama na nyota zilianza kuachana, hata ingawa ziliendelea kuitwa kwa jina moja.

III. KAZI YA WAYUNANI

Wayunani waliupokea mpango huo kwa Wababeli, wakabadili picha kadha. Mahali pa alama ya kwanza Wababeli walikuwa wameona kibarua wa shamba. Wayunani wakaweka kondoo dume. Mizani ilikuwapo kwa Wababeli. Wayunani wengi wakaiita makucha ya Nge, na baadaye Warumi wakairudisha kuwa mizani.

Mwalimu wao mkubwa katika mambo hayo alikuwa Klaudios Ptolemaios, aliyeishi Aleksandria katika Misri, katika karne ya 2 baada ya Kristu. Yeye alikiri kwamba duara haina mwanzo kwa asili yake. Lakini aliona yafaa kuanza hesabu mahali lilipo jua siku ile ya mwezi wa Machi ambayo mchana na usiku ni sawa, kwa sababu katika nchi zao ndipo baridi inapokwisha na mimea inapochipuka. Mahali hapo pakaitwa mwanzo wa Kondoo. Toka hapo zikapangwa nyingine zote kwa zamu.

Sasa tufikiri sisi tulio katika Lualaba. Jua linapoingia katika alama ya Kondoo, mnamo 20 au 21 Machi, hapa Kolwezi mimea haianzi kuchipuka, bali mvua zakaribia kwisha. Linapoingia katika alama ya Mbuzi, mwezi wa Desemba, Ulaya watu watetemeka kwa baridi, na sisi tuko katikati ya mvua kubwa. Tena kwetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na 21 Februari na 21 Oktoba, jambo ambalo mtu wa Aleksandria hakuliona kamwe mjini mwake. Mpango huu, basi, ulitungwa kwa majira ya nchi fulani. Si sheria iliyoandikwa mbinguni kwa mataifa yote.

IV. MAJINA YETU YA KISWAHILI

Elimu ya Wayunani ilipokelewa na wataalamu walioandika Kiarabu, hasa katika Baghdad tangu karne ya 8. Kwa njia ya biashara ya bahari ikafika Unguja, Mombasa, Lamu na miji mingine ya pwani yetu, ambako huitwa falaki. Majina ya kifalaki, pamoja na yale yanayotumika leo katika magazeti ya Kiswahili, ni haya kwa mpango wake:

1. Hamali – Punda (kwa Kiarabu maana yake ni mwana-kondoo)
2. Thauri – Ng'ombe
3. Jauza – Mapacha
4. Saratani – Kaa
5. Asadi – Simba
6. Sumbula – Mashuke
7. Mizani – Mizani
8. Akrabu – Nge
9. Kausi – Mshale
10. Jadi – Mbuzi
11. Dalu – Ndoo
12. Hutu – Samaki

Litazame jina la sita. Watu wa Ulaya humwita huyu Bikira, nao humchora kama msichana mwenye shuke la ngano mkononi. Waarabu na Waswahili wameacha msichana, wakashika mashuke. Na Wababeli walipaita mahali hapo Mfuo wa Jembe, wakapachora pamoja na shuke la shayiri. Kwa hiyo jina letu la Mashuke limekaa karibu zaidi na asili kuliko jina la Wazungu. Hata hapo twaona tena shamba na mavuno.

V. MPANGO WA MOTO, UDONGO, UPEPO NA MAJI

Waganga wa nyota waliziongezea buruji mpango mwingine. Watu wa kale walidhani kwamba vitu vyote vimefanyika kwa asili nne: moto, udongo, upepo na maji. Basi wakazigawa alama kwa zamu: Hamali ya moto, Thauri ya udongo, Jauza ya upepo, Saratani ya maji, kisha Asadi ya moto tena, na kuendelea hivyo hata mwisho. Kila asili ikapata alama tatu. Alama za moto ni ya 1, ya 5 na ya 9.

Tena wakazigawa katika namna tatu. Hamali, Saratani, Mizani na Jadi huitwa za kugeuka, kwa sababu katika mwanzo wake majira hugeuka. Zinazofuata huitwa za kukaa imara, na za mwisho wa kila majira huitwa zenye miili miwili. Nne mara tatu ni kumi na mbili, hesabu imekamilika.

Kutokana na hesabu hiyo hutoka maneno ya uchumba tuliyoyataja. Mganga husema, "Huyu ni wa moto, yule ni wa maji, maji yatauzima moto." Lakini moto huo haukuonwa na mtu ye yote katika nyota za Simba, wala maji katika nyota za Nge. Umewekwa kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, nne. Na elimu ya leo imekwisha kuacha fundisho lenyewe la asili nne. Je, ni haki kuvunja ahadi ya vijana wawili kwa ajili ya hesabu ya namna hiyo?

VI. ALAMA NA NYOTA ZIMEACHANA

Katika karne ya 2 kabla ya Kristu Myunani mmoja, Hipparchos, alilinganisha vipimo vyake na vile vya wazee, akaona kwamba nyota zimesogea zikipimwa toka mahali pale pa Machi. Sababu yake twaijua sasa: dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, na yumbo moja huchukua miaka ipatayo 26,000. Mahali pa Machi husogea uzi mmoja kwa miaka kama 72. Tangu siku za Ptolemaios umesogea karibu alama nzima.

Kwa hiyo leo, siku ya 21 Machi, jua haliko katika nyota za Kondoo. Liko katika nyota za Samaki. Litafika kwa Kondoo mnamo 19 Aprili. Pia toka 30 Novemba hivi hata 17 Desemba jua hupita katika nyota za Mshika-Nyoka, ambaye hayumo katika orodha ya kumi na mbili. Na katika nyota za Nge hukaa kama juma moja tu, hali katika Mashuke hukaa karibu mwezi mmoja na nusu. Mipaka hiyo ya makundi ya nyota iliwekwa na wataalamu wa nyota wa mataifa yote na kutangazwa mwaka 1930.

Wanajimu wa Ulaya hujibu kwamba wao hufuata alama za majira, si nyota. Vema, lakini hapo wamekiri kwamba "nyota yako" si nyota. Wanajimu wa Kihindi, kwa upande wao, hufuata nyota, na hivyo mara nyingi humpa mtu alama nyingine.

VII. MFANO WA MUSA

Tutoe mfano ili jambo hili lieleweke. Tuseme yuko kijana aitwaye Musa, mwana wa Mariamu, aliyezaliwa tarehe 1 Agosti.

Akisoma gazeti, ataambiwa kwamba nyota yake ni Simba, kwa maana gazeti lahesabu Simba toka 23 Julai hata 22 Agosti.

Akimwuliza mtu anayetazama mbingu yenyewe, ataambiwa kwamba tarehe 1 Agosti jua lilikuwa katika nyota za Kaa.

Akienda kwa mtu wa falaki ya pwani, huyo hataitaka siku ya kuzaliwa. Atauliza jina lake na jina la mama yake, naye atahesabu kwa abjadi, yaani thamani ya kila herufi ya Kiarabu. Musa: mim 40, wau 6, sini 60, ya 10, jumla 116. Mariamu: mim 40, ra 200, ya 10, mim 40, jumla 290. Yote pamoja ni 406. Akigawanya kwa 12, yabaki 10. Alama ya kumi ni Jadi, yaani Mbuzi.

Basi Musa ni Simba, ni Kaa, na tena ni Mbuzi! Kama mama yake angalimpa jina jingine, angalikuwa na nyota nyingine. Twauliza: katika hao watatu, ni nani anayejua kama Musa atarudi salama toka shimoni?

VIII. KANISA LAFUNDISHA NINI?

Wengine hudhani kwamba Kanisa lachukia elimu ya nyota. Sivyo. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliagiza Wakristu wote waadhimishe Pasaka siku moja, na kanuni iliyokubaliwa ni hii: Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa 21 Machi au wa baada yake. Ndiyo siku ile ile ya Ptolemaios! Na kalenda ilipokuwa imekosea siku kumi, Papa Gregori XIII aliisahihisha: mwaka 1582, baada ya 4 Oktoba ikafuata 15 Oktoba. Hata leo Vatikano yatunza nyumba yake ya kuchunguzia nyota, ambayo Papa Leo XIII aliiimarisha upya mwaka 1891.

Kanisa lakataa jambo jingine, yaani kuziuliza nyota habari za maisha ya mtu na kuzitegemea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2116, yaitaja horoskopu pamoja na unajimu kati ya namna za uaguzi zinazopaswa kukataliwa. Kwa nini? Kwa sababu mtu huyo hutafuta kutawala wakati na watu kwa nguvu zilizofichika, na huku heshima ya kutumaini ni ya Mungu peke yake.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, aliyajua mambo hayo kwa kuyaonja, maana katika ujana wake aliwaendea waganga wa nyota. Aliandika katika Maungamo yake jinsi alivyosikia habari za Firminus, rafiki yake, mwana wa watu wenye mali. Dakika ile ile alipozaliwa, alizaliwa pia mtoto wa kijakazi wa rafiki wa baba yake. Nyota zao zilikuwa moja kabisa. Firminus alipata elimu na cheo. Yule mwingine akabaki mtumwa. Augustino akafahamu kwamba tofauti haikutoka juu, bali katika mambo ya hapa chini. Aliwataja pia Esau na Yakobo, mapacha wa tumbo moja, wasiofanana hata kidogo. Na sisi katika Katanga twawajua akina Kyungu na Kabange, kama Baluba wawaitavyo mapacha wao: wamezaliwa usiku mmoja, lakini kila mmoja ana tabia yake na njia yake.

Lakini katekista asimcheke anayekwenda kwa mnajimu. Mara nyingi mtu huyo ana hofu: kazi ni ya hatari, mtoto ni mgonjwa, mali imepotea. Marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011, alijulikana na wengi Afrika Mashariki kwa utabiri wa nyota. Umati haukumsikiliza kwa upumbavu, bali kwa kuwa kila mtu hutamani kuijua kesho yake. Kwa hiyo kwanza tusikilize hofu yake, kisha tumfundishe.

IX. NYOTA ZINAWEZA KUSEMA NINI?

Turudi kwa Kilimia, ambayo ilikuwa ya kwanza katika orodha ya wazee. Watu wa pwani wana methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hapa kwetu tunaweza kuona jambo la namna hiyo. Mnamo mwezi wa Mei Kilimia hupotelea magharibi jioni, na kiangazi kimeingia. Mwishoni mwa Novemba huchomoza mashariki giza linapoingia, na mvua zimekwisha kuanza.

Na mvua zikianza, udongo wa mashimo hulegea. Kila mchimbaji wa Kolwezi ajua kwamba shimo lililosimama vema mwezi wa Agosti laweza kuporomoka mwezi wa Januari. Basi fikirini: mtu mmoja asoma katika simu kwamba juma hili ni la bahati kwa watu wa Nge, naye ashuka katika shimo lililolowa. Mwingine aona Kilimia jioni upande wa mashariki, akumbuka mvua, auangalia ukuta wa shimo, naye akataa kushuka. Wote wawili wametazama nyota, lakini wa pili peke yake ndiye aliyezitumia kwa kazi yake ya asili. Nyota zaweza kutuambia majira. Kuhusu uhai wa mtu yatupasa kutumia akili na busara tuliyopewa, kulindana sisi kwa sisi, na kumtumaini yeye aliyeziumba hizo nyota.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Kwa nini buruji ni kumi na mbili, wala si kumi au ishirini?
2. Orodha ya kale ya Wababeli ilianza na nyota gani? Jina lake la Kiswahili latukumbusha kazi gani?
3. Kwa nini Ptolemaios alianza hesabu na Kondoo? Je, sababu hiyo yafaa kwa nchi ya Lualaba?
4. Jina la Mashuke latufundisha nini juu ya asili ya buruji?
5. Eleza jinsi Musa alivyopata nyota tatu. Kisha fanya hesabu ya siku yako mwenyewe kwa njia ya gazeti na kwa njia ya mbingu.
6. Kuna tofauti gani kati ya kupanga siku ya Pasaka kwa mwezi na kuuliza bahati kwa nyota?
7. Kijana wa parokia yako ataka kuvunja uchumba kwa ajili ya nyota. Utamwambia nini, na kwanza utamwuliza nini?